Daraja, pantoni na geti: foleni ya viza ya kuhamia Marekani inavyokwenda

"Kwa hiyo sisi tumefutwa?"

Swali hilo nimekutana nalo kwenye makundi matatu ya WhatsApp ndani ya wiki moja ya Januari mwaka huu wa 2026. Kwenye kundi la kwanza, dada aliyeuliza alijibiwa kuwa ndiyo, yameisha. Kwenye la pili watu walituliza mambo: wanaozuiwa ni watalii tu, wengine kaeni kwa amani. Kwenye la tatu hakuna aliyejibu chochote, ila mtu aliweka namba ya simu ya wakala "anayepitisha".

Yaliyotokea ni haya. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa aina kadhaa za viza, na viza ya kuhamia ni mojawapo. Lilianza kazi Januari 1. Burundi ilikuwa imeshaingizwa kwenye orodha kama hiyo tangu Juni 2025. Kabla watu hawajalimeza hilo, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaongeza lake: kuanzia Januari 21 inasitisha kutoa viza za kuhamia kwa raia wa nchi 75. Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda imo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Kenya haimo.

Jibu fupi la dada yule ni hapana, hajafutwa. Lakini jibu fupi halimfikishi mbali, kwa sababu alipoulizwa yuko kwenye foleni ipi alisema, "Ya Marekani." Foleni ya Marekani haipo. Zipo foleni kadhaa, kila moja na urefu wake na sababu yake, na mtu asiyejua amesimama ipi hawezi kujua matangazo haya yamemgusa wapi, au kama yamemgusa kabisa.

Maneno machache kwanza

Viza ya kuhamia ni ruhusa ya kwenda kuishi. Hapo tayari imeshaachana na viza ya kutembea, ile inayowafanya watu wabebe hati za nyumba, barua za mwajiri na taarifa za benki. Kwenye viza ya kutembea sheria inamdhania kila mwombaji kuwa anataka kubaki, na kazi yako ni kumwonyesha ofisa kwamba utarudi. Kwenye viza ya kuhamia umeshasema mwenyewe kwamba unabaki. Hati ya kiwanja cha Mbagala haina kazi hapo. Kinachotazamwa ni nani anakuita, wewe ni nani wake, na kama kuna jambo la afya, uhalifu au udanganyifu linalokuzuia.

Grini kadi si viza. Viza hubandikwa kwenye pasipoti na inakufikisha mpaka uwanja wa ndege wa kule. Kadi yenyewe hutumwa kwa posta ukishaingia, baada ya kulipia dola 235 za kuitengeneza.

Kufaili, neno ambalo ndugu zetu wa kule wamelizoea kiasi kwamba hawalitafsiri tena ("nimemfailia mke wangu"), ni kupeleka fomu I-130 kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS, kusema: huyu ni mke wangu, huyu ni mama yangu, huyu ni kaka yangu. Anayefaili ni aliyeko kule, si wewe. Na ombi hilo likikubaliwa bado hujapata ruhusa ya kupanda ndege. Ni kama barua ya posa. Imepokelewa, wazee wamecheka, wamekunywa soda. Lakini mahari bado, tarehe bado, na mtu hajaoa.

Tarehe ya foleni ni siku ambayo ombi hilo lilipokelewa na USCIS. Si siku lilipokubaliwa, wala siku mlipoanza kuzungumzia safari. Imeandikwa kwenye karatasi ya risiti. Anayesubiri ajue tarehe hiyo kama anavyojua siku yake ya kuzaliwa, na cha kushangaza wengi hawaijui, kwa sababu risiti iko kwa kaka huko Texas na kaka alihama nyumba mara nne.

Undugu wa Kiswahili na undugu wa sheria yao

Lugha yetu ina ukarimu kwenye jambo hili. Mama mdogo ni mama. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na ukimwita binamu kuna mzee atakukemea. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haina ukarimu huo. Inawajua mume na mke, mtoto, mzazi, na ndugu mliochangia angalau baba au mama. Basi. Shangazi hana foleni. Mjomba hana. Bibi hawezi kumfailia mjukuu. Nimewahi kumsikia kijana akisema kwa uhakika kwamba "anko wa Minnesota amenifailia tangu 2015". Anko anaweza kuwa amemfailia mama yake kijana, ambaye ni dada yake, na kijana akawa nyuma ya mama kama mtoto anayefuatana naye. Hilo lipo. Lakini hapo tiketi ni ya mama, na kijana ananing'inia kwenye kanga yake kwa sharti la kuwa chini ya miaka 21 na bila ndoa.

Mtoto wa kambo anahesabika iwapo ndoa iliyomfanya awe wa kambo ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mtoto wa kulea anahesabika akiwa aliasiliwa kisheria kabla ya miaka 16, pamoja na masharti mengine ya kuishi naye. Yule aliyelelewa tu, aliyeletwa kutoka kijijini akiwa darasa la pili na akakua anakuita baba, huyo moyoni ni wako, lakini kwenye fomu hana kisanduku.

Daraja na pantoni

Mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda Kigamboni ana njia mbili. Anaweza kupita Daraja la Nyerere pale Kurasini, lililofunguliwa mwaka 2016, au akashuka Magogoni akapanda pantoni. Darajani hakuna anayekuambia leo magari yametosha, rudi kesho. Kuna foleni, kuna tozo, gari bovu linaweza kuharibikia mbele yako ukakaa saa nzima, lakini daraja halijai. Pantoni inajaa. Ina ukubwa wake, ikishabeba kiasi chake geti linafungwa, na wewe uliyebaki ukumbini unaitazama ikiondoka hata kama tiketi yako haina kasoro.

Sheria ya Marekani imewaweka watu wachache darajani: mume au mke wa raia wa Marekani, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, na mzazi wa raia, mradi raia huyo ametimiza miaka 21. Hawa hawana idadi ya mwisho kwa mwaka. Wanachosubiri ni makaratasi tu: mezani kwa USCIS, kisha kituo cha viza, kisha nafasi ya usaili ubalozini. Katika nyakati za kawaida safari nzima ilikuwa mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili, na kwa wenye nyaraka zenye utata zaidi ya hapo.

Wengine wote wa familia wako ukumbini Magogoni. Sheria imetenga viza zisizopungua 226,000 kwa mwaka kwa ajili yao, dunia nzima, na mwaka wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. Zimegawanywa kwa mafungu. Watoto wa raia waliovuka miaka 21 na hawajaoa wana 23,400. Watoto wa raia waliooa au kuolewa wana 23,400. Ndugu wa raia, yaani kaka na dada, wana 65,000. Zilizobaki, 114,200, ni za wake, waume na watoto wasiooa wa wenye grini kadi, watu ambao bado hawajawa raia.

Sasa ona hesabu inavyokaza. Zile 65,000 za kaka na dada si za kaka na dada peke yao. Kaka akiitwa anaambatana na mke na watoto wake, na kila mmoja anakula nafasi moja. Mtu mwenye mke na watoto wanne ametumia viti sita. Dunia nzima inagombea pantoni hiyo moja, na wanaofailiwa kila mwaka ni wengi kuliko viti. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2025 waliokuwa wanaitwa kwenye fungu la kaka na dada walikuwa wa Machi 2007. Mtoto aliyezaliwa siku ombi hilo lilipopelekwa alikuwa ameshamaliza kidato cha nne.

Kwa mafungu mengine, wakati huohuo, watoto wa raia waliooa walikuwa wanaitwa wa 2010. Watoto wakubwa wa raia wasiooa walikuwa wa 2015. Watoto wakubwa wa wenye grini kadi walikuwa wa 2016. Mke au mume wa mwenye grini kadi, 2022. Hapo ndipo penye jibu la lile lalamiko la "mbona mke wa fulani kaondoka baada ya mwaka na nusu na mimi nina mwaka wa tatu?" Mume wa fulani alikuwa raia. Wako ana kadi. Wake wawili, nyumba jirani, ndoa za mwezi mmoja, na mmoja yuko darajani na mwingine ukumbini. Siku mume mwenye kadi atakapoapa kuwa raia, mke wake anatoka ukumbini anahamia darajani. Kwa wengi mlango wa kuomba uraia hufunguka baada ya miaka mitano ya kadi, au mitatu kwa aliyeoana na raia na anayeishi naye. Kesi nyingi ninazoziona zimekwama zingepungua urefu kama mtu wa kule angejaza fomu ya uraia badala ya kuiahirisha kila mwaka kwa kuogopa ule mtihani.

Anayesoma tarehe getini

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje hutoa taarifa ya viza, jedwali lenye tarehe kwa kila fungu. Ni kama mtu anayesimama getini akitangaza: wenye tiketi za kabla ya siku fulani, songeni. Tarehe yako ikiwa ya kabla ya hiyo iliyotangazwa, umeitwa. Ikiwa ya baada yake, bado.

Watu hukosea mambo mawili hapa. La kwanza ni kupiga hesabu ya moja kwa moja: mwaka jana ilisogea miezi minane, kwa hiyo bado miaka sita. Tarehe hazisogei hivyo. Zinaweza kuruka, zikasimama miezi mingi, na zinaweza hata kurudi nyuma, hasa mwaka wa serikali unapokaribia kuisha na viti vimekwisha. Mtu aliyekuwa ameitwa Julai anaweza kukuta Agosti geti limemfungia. Hakuna aliyemwonea, wamejaa.

La pili ni kudhani kuna foleni ya Watanzania. Zipo nchi zenye safu zao kwenye jedwali, kwa sababu sheria hairuhusu nchi moja ichukue zaidi ya asilimia 7 ya viza za familia na za kazi kwa mwaka. Mexico na Ufilipino ndizo mifano mikubwa kwenye familia. Kaka na dada wa Mexico mwanzoni mwa 2025 walikuwa wanaitwa wa 2001. Sisi hatuna safu. Tumo kwenye "nchi nyingine zote" pamoja na Wakenya, Wafaransa na Wajapani. Kwa hiyo maneno kwamba "Wabongo wameomba wengi mno ndiyo maana tunachelewa" hayana msingi.

Safu hiyo, kwa kawaida, hufuata nchi uliyozaliwa, si pasipoti. Mswahili aliyezaliwa Muscat wazazi wakiwa huko anahesabiwa Oman. Ila mazuio ya mwaka huu yanafuata uraia. Ni vipimo viwili tofauti, na hata watu wa makini huvichanganya.

Kutoka meza hadi meza

Hatua zenyewe si nyingi. Ndugu wa kule anafaili I-130. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 675 kwa karatasi au 625 kwa mtandao. USCIS ikikubali, jalada linakwenda Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichopo Portsmouth, New Hampshire. Kwa mtu wa darajani kazi inaendelea palepale. Kwa mtu wa pantoni jalada linalala. "Tulikubaliwa 2012, mbona hatuitwi?" Kwa sababu kukubaliwa ni kuthibitishwa kwamba wewe ni ndugu. Kiti ni habari nyingine.

Zamu ikikaribia, NVC inaomba ada, dola 325 kwa kila mtu anayesafiri na dola 120 kwa fomu ya udhamini, halafu fomu ya mtandaoni DS-260, halafu vyeti. Fomu ya udhamini, I-864, ni mkataba wa kweli: aliyefaili anaahidi kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali, na anaonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kule. Kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama dola 26,437. Asipofika, anaweza kuongezwa mdhamini mwingine anayeishi Marekani, raia au mwenye kadi. Kwa hiyo kinachopimwa ni mfuko wa mdhamini. Kuweka milioni tano za kuazima kwenye akaunti yako ya Kariakoo wiki moja kabla ya usaili hakubadilishi kitu.

Hapa kwenye vyeti ndipo watu wetu hupoteza miezi ambayo hakuna sheria iliyowapotezea. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kimeandikwa Fatuma, pasipoti Fatma, cha ndoa Fatma binti Juma, na kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu. Kwetu ni mtu mmoja na kila mtu anajua. Ofisa wa Portsmouth hajui. Kisha kuna cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa mwaka jana kwa mtu wa miaka arobaini. Hakikatazwi, lakini kinaamsha maswali, na jibu lake ni ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya shule ya msingi. Pale ambapo karatasi hazitoshi wanaweza kupendekeza kipimo cha DNA, kwa gharama zenu.

Cheti cha polisi kinadaiwa pia, kile ambacho Kenya wanakiita "good conduct" na kukiomba kupitia eCitizen. Kinachowashtua wengi ni kwamba si cha nyumbani tu. Ukiwa umeishi nchi nyingine miezi kumi na miwili au zaidi baada ya kutimiza miaka 16, unatakiwa ulete na cha huko. Dada aliyefanya kazi za ndani Oman miaka miwili, akarudi na akaisahau kabisa nchi hiyo, anakumbushwa siku hiyo. Kianze kutafutwa mapema.

Ukishaambiwa nyaraka zimekamilika, na kiti kipo, unapangiwa usaili. Kabla yake unapimwa afya na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, si yeyote yule hata awe bingwa. Kifua kikuu ndicho kinachowachelewesha watu, kwa sababu kikionekana lazima kitibiwe kwanza. Na kwa kuwa bado naulizwa kwa kunong'onezwa: VVU viliondolewa kwenye magonjwa yanayozuia kuhamia Marekani tangu Januari 2010. Mtu asikatishwe matibabu wala asifiche dawa kwa ajili ya hilo.

Usaili wenyewe mara nyingi ni mfupi kuliko safari ya kuufikia. Ofisa anaweza kukubali, kukataa, au kukupa karatasi yenye namba 221(g), ambayo maana yake ni kwamba kuna kitu kinakosekana au kinachunguzwa. Kwenye vitabu vyao inaandikwa kama kukataliwa, na watu wamelia nje ya ubalozi kwa kuisoma hivyo. Kwa kawaida bado mlango uko wazi: leta kilichoombwa, au subiri uchunguzi wao.

Ndoa za kwetu

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo pwani inapoumia.

Bwana harusi yuko Columbus, Ohio. Hana likizo. Nikaha inafungwa Tanga, kakake anakaa mbele ya sheikh kama wakili wake, bwana harusi mwenyewe anafuatilia kwa simu, watu wanakula pilau, cheti kinatoka. Kidini imetimia, na nyumbani hakuna anayeitilia shaka. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mahali inapofungwa haitambuliki mpaka wawe wamekutana kimwili kama mke na mume baada ya ndoa hiyo. Baada, si kabla. Kwa hiyo anayefaili wiki moja baada ya harusi ya simu, bila kuja, anafaili kitu ambacho kwao hakijakuwa ndoa. Aje kwanza, wakae, na tiketi na mihuri ya pasipoti zihifadhiwe, kisha afaili.

Mitala nayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu, Kenya inaruhusu, cheti cha mke wa pili ni halali kabisa Temeke na Malindi. Marekani inamtambua wa kwanza tu. Watoto wa mke wa pili ni watoto wa baba yao na anaweza kuwafailia. Mama yao hawezi kuja kama mke ilhali ndoa ya kwanza bado ipo.

Lingine linatokana na mapenzi ya wazazi. Baba ana grini kadi, amemfailia binti wa miaka 24. Foleni ni ndefu, anatokea mchumba, familia inasema binti asizeekee kusubiri Marekani. Anaolewa. Siku hiyohiyo ombi linakufa, maana wenye grini kadi hawana fungu la watoto waliooa au kuolewa. Kama baba angekuwa raia, ombi lisingekufa. Lingehama tu kwenda kwenye foleni ndefu zaidi. Wapo waliojaribu kuficha ndoa hadi usaili upite. Hilo ni kusema uongo kwa ofisa wa serikali, na adhabu yake inaweza kuwa kuzuiwa maisha. Familia ina haki ya kuchagua harusi. Ila ichague ikijua bei.

Na umri wenyewe unakimbia. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 kaka yake mama alipofaili anaweza kuwa na 27 zamu ikifika. Tangu 2002 kuna sheria inayomsaidia: muda ambao ombi lilikaa mezani kwa USCIS hupunguzwa kwenye umri wake. Huokoa baadhi. Ombi lililokaa mezani miaka mitano humpunguzia mitano, si kumi na minane yote.

Na bahati nasibu ya viza je?

Hii ni njia ya pembeni, isiyohitaji ndugu. Sheria imeitengea viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka. Kuchaguliwa kwenye kompyuta si kupata viza: kwa mwaka wa 2025 walichaguliwa zaidi ya watu 130,000 pamoja na familia zao, kwa makusudi, kwa kuwa wengi huishia njiani. Ikifika Septemba 30 na hujapewa viza, ushindi wako umeisha. Hauhamii mwaka unaofuata. Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuusimamisha mpango huo.

Wizi mwingi umejaa huku. Steshenari inakujazia fomu, inabaki na namba ya uthibitisho, ukichaguliwa wanajua wao kabla yako, na bei inapanda. Au unaambiwa umeshinda kwa ujumbe wa simu, tuma pesa kwa namba hii. Ubalozi haupokei ada ya viza kwa namba ya mtu binafsi. Na yule wakala wa kundi la tatu la WhatsApp, "anayepitisha", hana meza Portsmouth.

Geti

Turudi Januari. Kilichofungwa ni utoaji wa viza. Wizara imeeleza kwamba raia wa nchi 75 wanaweza kuendelea kupeleka maombi na hata kufanyiwa usaili. Ila viza haitolewi wakati usitishaji unaendelea. Tangazo la Desemba nalo halikufuta viza zilizokwisha kutolewa kabla halijaanza, na mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha halimbani. Kwa lugha ya Magogoni, geti la kupandia limefungwa lakini tiketi hazijachanwa. Tarehe ya foleni iko palepale.

Ila si wote wanaumia sawa. Anayeumia leo ni wa darajani: mke wa raia aliyekuwa amebakiza usaili, mama mzazi aliyeshauza ng'ombe. Kwao hakukuwa na hesabu ya viti ya kusubiri, na sasa wanasubiri uamuzi wa kisiasa ambao hauna jedwali. Wao wasikimbilie kupima afya mapema, kwa sababu vipimo hivyo kwa kawaida hudumu miezi sita na vikiisha unalipa upya. Na aliyekwisha kupata barua ya NVC asiipuuze kwa kudhani mambo yote yamesimama: aliyeitwa akakaa mwaka mzima bila kujibu anaweza kufungiwa jalada. Kuingia tu kwenye akaunti ya kesi, au kuandika ujumbe mmoja, kunaliweka hai.

Dada wa kundi la kwanza hatimaye alipata picha ya risiti kutoka kwa kaka yake. Fungu la kaka na dada. Tarehe ya foleni: mwaka 2009. Jedwali lilikuwa bado linahangaika na wa kabla ya hapo. Pantoni yake haikuwa imefika gatini wakati geti linafungwa.